Panya Walijua Kabla Yetu

Mke wangu alianza kuanguka mwaka ule mahindi yalipokauka kabla hayajafika kiunoni. Tulikuwa watu wazima tayari, watoto wameshaondoka nyumbani, na mimi nilikuwa nimewekwa kuwa mzee wa kanisa. Alikuwa uani akipepeta mbaazi. Nikamwona ameacha kupepeta, macho yameelekea upande mmoja kana kwamba kuna mtu amemwita, halafu ungo ukamtoka mikononi. Sikuwa nimewahi kuona mwili wa mtu ukitikiswa namna ile. Nilidhani anakufa. Nilimshika kichwa nikaliita jina la Bwana kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Alipotulia aliniuliza kwa nini mbaazi zimemwagika.

Mara ya pili alianguka jikoni, na mkono wake wa kushoto ukaingia motoni. Tangu siku hiyo hakupika peke yake tena.

Nilipokuwa kijana nilisoma shule ya wahubiri, na mwalimu wetu mmoja alipenda kusema kwamba kuna maradhi ya kuombewa na kuna maradhi ya kutibiwa, na kwamba mengi yanataka vyote viwili, na ni kiburi kuchagua kimoja. Namshukuru mpaka leo. Wapo majirani walionong'ona juu ya laana, na mmoja alikataa kunywa maji kwa bilauri ya nyumbani kwetu. Sikubishana naye. Nilimpeleka mke wangu hospitali, akapewa tembe za kifafa, akawa akimeza kila jioni. Zilimsaidia kiasi. Zilimletea usingizi pia, na hakuzipenda.

Ndipo mama yake, aliyekuwa akiishi Ikutha, alipotuletea mzizi.

Mti wenyewe sitautaja, wala sitaeleza jani lake lilivyo, na msomaji ataona sababu. Ni mti mdogo unaoota penye mawe. Mzizi wake huchimbwa, huoshwa, hukaushwa kivulini, hupondwa, kisha huchemshwa mpaka maji yawe na rangi ya chai isiyo na maziwa. Kikombe kimoja asubuhi, kabla ya uji. Mama mkwe hakuwa mganga. Alikuwa mama wa kanisa kama binti yake. Kwa heshima ya mkwe sikuweza kumwuliza mwenyewe, kwa hiyo niliuliza kupitia kwa mke wangu kama kuna maneno yoyote yanayosemwa juu ya dawa ile. Jibu lilirudi kwamba ni mti tu aliouumba Mungu, na kama mkwe anataka maneno, aweke yake. Nikaweka sala.

Kwetu sisi Wakamba, anayekupa kitu cha kunywa huonja kwanza. Iwe uji, iwe maziwa, na zaidi ya yote iwe dawa. Unapiga funda mbele ya macho yake, unameza, ndipo unampa. Wazee waliiweka desturi hiyo ili anayepokea ajue hakuna sumu. Vijana wa leo wanaicheka, lakini dawa ya miti ikichemshwa, hata kijana ataonja. Kwa hiyo kila asubuhi nilichukua kikombe, nikaonja, nikampa mke wangu. Kilikuwa kichungu kuliko kitu chochote nijuacho. Kisha nilikwenda shambani, nikalima, nikarudi nikala, na sikusikia lolote mwilini. Kila siku nilikuwa shahidi kwamba dawa ile haina neno.

Msimu wa kwanza hakuanguka kabisa. Tulisimama kanisani tukatoa ushuhuda, na akina mama wakampigia vigelegele. Msimu wa pili akaanguka. Tukatuma habari Ikutha, na kule wakasema dawa imezoewa na mwili, tuongeze. Tukaongeza kikombe cha mchana. Akaanguka tena, tukaifanya kali zaidi. Alivyozidi kuanguka ndivyo tulivyozidi kumnywesha, na kila mara nilionja kwanza.

Mpwa wangu anaingia hapa. Ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Tawa. Baba yake alipofariki tulimchukua akakaa nasi, akasomea sekondari hapa Matiliku. Mke wangu ndiye aliyemwamsha asubuhi na kumpasia sare, mpaka alipoomba kwa aibu apige pasi mwenyewe. Alimwita mwaitu, kama sisi tunavyowaita mama zetu. Alikuwa mpole, mwenye maswali mengi. Alijifunza kumlaza mwaitu ubavu anapoanguka, na kumwekea shuka iliyokunjwa chini ya kichwa, kwa mikono iliyotulia kuliko yangu. Aliniuliza kwa nini akizinduka hakumbuki. Nikamwambia sijui. Alipopata nafasi ya kusomea mambo ya dawa chuo kikuu, sote tulijua ni swali gani lililompeleka.

Alisoma akaendelea, akasoma tena, mpaka akafika ile shahada ya mwisho ambayo mtu hutakiwa kugundua kitu mwenyewe. Siku moja akaja kutuomba mzizi. Alisema kuna namna ya kupima dawa za kifafa kwa panya, na hakuna aliyewahi kuupima mzizi wa Ikutha. Mimi nilisita. Mke wangu hakusita hata kidogo.

"Mpe gunia," akasema. "Panya wakipona, na mimi nitapona."

Mama mkwe alikuwa ameshalala katika Bwana, kwa hiyo tulikwenda Ikutha tukaonyeshwa mti na shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye aliyebaki akiujua. Naye alishika desturi: anayeonyeshwa dawa huionja mbele ya aliyemwonyesha. Mpwa wangu alitafuna kipande cha mzizi mbichi, uso ukajikunja, macho yakatoa machozi, na shemeji akamwambia kwamba kama wasomi wote wana ulimi laini hivyo, ndiyo maana nchi haiendi. Tulicheka sana siku hiyo. Tulipokuwa tukifunga gunia, mpwa wangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mjomba, litakaloonekana kule," akasema, "nyinyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kujua."

Sikumwomba ahadi hiyo. Aliitoa mwenyewe.

Nilimwuliza baadaye, alipokuja likizo, wanawapataje panya wenye kifafa. Nilidhani wanatafutwa, kama wanavyotafutwa ng'ombe wenye ugonjwa fulani. Akaniambia panya ni wazima kabisa; wanachomwa sindano ya dawa inayowaangusha. Panya mwingine hupewa kwanza dawa inayopimwa, kisha sindano ileile, na anayepima huangalia kama atachelewa kuanguka au hataanguka. Habari hiyo haikunipendeza. Kumfanya kiumbe mzima apate maradhi yale niliyoyaona nyumbani kwangu, niliona ni jambo zito. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika.

"Bila hao, mjomba," akasema, "kila dawa ingejaribiwa kwa mwaitu."

Niliona amesema kweli.

Baada ya hapo habari za panya zikakatika. Nikiuliza, alisema kazi ni ya polepole, inabidi kurudia. Nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja. Mkulima wa Makueni asiyejua kungoja mvua hawezi kuishi. Mke wangu aliendelea kunywa na kuanguka. Mwaka huo alivunjika jino.

Krismasi ikafika na mpwa wangu akaja, amembebea mwaitu kitenge kizuri cha rangi ya machungwa. Alionekana amekonda. Tukasema ni kusoma. Asubuhi ya sikukuu nilikuwa nimekwenda kukamua, na niliporudi na maziwa nikawakuta jikoni, dawa imeshachujwa. Mke wangu alikuwa akimnyooshea kikombe.

"Daktari wa panya, mjomba wako amenikimbia leo," alimwambia. "Nionjee wewe."

Akakipokea. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu nikamtazama. Alikishika muda mrefu, akikiangalia ndani. Mke wangu akamtania kwamba amekuwa mzungu, hata dawa ya bibi yake inamshinda. Akacheka kidogo. Kisha akapiga funda, akameza, akafuta mdomo kwa kiganja, akampa. Mke wangu akanywa mpaka tone la mwisho.

Siku hiyohiyo, wageni wakiwa wanakula, alianguka. Mpwa wangu ndiye aliyemfikia kwanza. Alimlaza ubavu, akavua shati lake akaliweka chini ya kichwa chake, na nikaona machozi yakimtiririka mashavuni mbele ya watu wote. Nilimshukuru Mungu moyoni kwa mtoto mwenye upendo namna ile. Nilimwambia dada yangu hivyo, kwa maneno hayohayo.

Shahada ilipotoka, dada yangu alitaka ibada ya shukrani, na ikakubaliwa ifanyike katika kanisa letu, kwa kuwa pale ndipo alipolelewa. Hema lilikodishwa, mbuzi wakachinjwa, akina mama walipika pilau tangu alfajiri. Mke wangu alivaa kitenge cha Krismasi akakaa mstari wa mbele na wenzake. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha wazee, na katika ratiba nilipangiwa sala ya kufunga. Mchungaji alimwomba daktari wetu awaeleze washirika, kwa lugha ya kueleweka, alichogundua. Vijana wakatundika shuka nyeupe ukutani ili watuonyeshe picha.

Lazima niseme alieleza vizuri. Alisema ndani ya ubongo kuna wajumbe, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, wanaopeleka habari kutoka chembe moja hadi nyingine. Wako wanaosema amka, nenda, shtuka. Wako wanaosema tulia. Akatoa mfano wa mlango wa kanisa siku ya mkutano mkubwa: umati unataka kuingia wote kwa mara moja, na maasha, wale wahudumu wa mlangoni, wamesimama kuwatuliza na kuwapanga. Maasha wakiondolewa, watu watakanyagana. Kifafa, alisema, ni kukanyagana kwa ubongo. Ile sindano ya panya inawaziba mdomo maasha. Watu wakaelewa. Hata mimi nilielewa, na nikajivunia, na nikamtazama mke wangu, naye alikuwa akitabasamu.

Kisha akasema kwamba alikuwa amepima mzizi mmoja unaotumiwa Kitui kusini kutibu kifafa.

Alisema panya waliopewa mzizi peke yake hawakuonyesha dalili yoyote. Walikula, walilala, walikimbia. Mtu angesema ni dawa salama. Lakini waliopewa mzizi kisha sindano walianguka mapema kuliko wale waliopata sindano tupu, na walianguka vibaya zaidi, na wengine hawakuamka. Mzizi ule, alisema, unawapunguzia nguvu wajumbe wa kutuliza. Kwa aliye mzima maasha ni wengi, wakipungua kidogo haijulikani. Kwa ambaye maasha wake ni wachache tayari, mzizi unamwongezea maradhi. Picha ilikuwa ukutani, mistari miwili, mmoja ukishuka. Akasema ugunduzi huu umewafurahisha walimu wake kwa sababu unaonyesha jambo jipya juu ya kazi ya wajumbe hao. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru walimu. Akaishukuru familia iliyompa mzizi.

Watu wakapiga makofi. Mke wangu akapiga makofi.

Sikumbuki aliyesimama baada yake, wala wimbo ulioimbwa. Nakumbuka nikitazama mikono yangu juu ya magoti. Niliita asubuhi zile zote zirudi mbele yangu, na zikaja. Kila asubuhi funda langu lilikuwa limesema kweli juu ya mwili wangu na uongo juu ya mwili wake. Hilo sikulijua na sikuwa na namna ya kulijua. Panya wa chuo kikuu walijua kabla yetu. Na aliyekuwa amesimama kati yetu na panya hao alikuwa mtoto niliyemlea.

Nikaitwa kuomba. Nilisimama. Nilimshukuru Mungu kwa mvua iliyonyesha, kwa chakula, kwa waliosafiri kutoka mbali, nikawaombea warudi salama. Nikasema amina. Shahada sikuitaja. Dada yangu alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji mtoto wake.

Nilimwita mpwa wangu nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula. Bado alikuwa na shada la maua ya plastiki shingoni.

"Uliyajua haya lini?"

"Mjomba, panya si watu. Lazima uelewe hilo kwanza."

"Nimeuliza lini."

Alitazama chini. Akasema ilikuwa muda mrefu kabla ya Krismasi. Akaanza kueleza kwa haraka: kwamba walimu wake walimkataza kusema neno nje kabla kazi haijachapishwa, kwamba wengine wangeiiba, kwamba mtu hawezi kuchukua habari ya panya na kumpelekea binadamu moja kwa moja, ni kosa katika elimu yao. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Mimi si mtaalamu.

"Ningewaambia nini, mjomba?" akasema. "Niwatishe, halafu ionekane si hivyo?"

"Ungesema hujui. Tungeacha kwa sababu hujui."

 Nikamwuliza juu ya kikombe cha Krismasi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alionja.

"Ulionja kwa sababu ulijua kwako hakina neno," nikamwambia.

Hapo akalia, na safari hii machozi yake hayakunigusa. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nasema yaliyokuwa. Nimesalitiwa na watu katika maisha yangu kama mtu mwingine yeyote: kwenye mipaka ya shamba, kwenye kura za kanisa. Hao walichukua kitu wakakimbia nacho, nawe unawaona wakikimbia. Huyu hakuchukua kitu. Alikipokea kikombe mkononi mwa mama aliyemlea, akakitumia kiapo cha wazee wetu kama kifuniko, akakirudisha.

Nilimwambia mke wangu jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilieleza kwa mfano wa maasha, na kwamba mzizi uliotajwa kanisani ndio huu wetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu, kama asubuhi ya Krismasi mtoto alikuwa ameshajua. Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na sufuria ya dawa iliyokuwa imechemshwa kwa ajili ya kesho, akaimwaga kwenye majivu. Kisha akaisugua sufuria kwa mchanga, akairudia, akairudia tena, ingawa ilikuwa safi.

Kliniki tuliwaeleza habari ya mzizi. Mhudumu hakutugombeza. Alipanga upya tembe zake na kumwambia asiziache hata siku moja, na asinywe kitu kingine bila kuwauliza. Tangu hapo ameanguka, lakini kwa nadra, na kati ya kuanguka na kuanguka nimemwona akirudi kuwa yule mwanamke wa zamani anayenisahihisha hata nikiimba. Ni kuacha mzizi? Ni tembe mpya? Siwezi kuapa. Najua tu kwamba namshukuru Mungu kwa vyote, na hata panya wale nimewashukuru, jambo ambalo sikulitegemea maishani.

Mchungaji aliposikia alinijia kuzungumza habari za kusamehe. Nilimsikiliza kwa heshima. Maneno hayo nami nimeyahubiri miaka mingi. Nikamwambia kwamba sijakataa, ila bado sijafika. Mpwa wangu alituma ujumbe kwenye simu, alituma sukari, alimtuma mama yake. Mke wangu aliipokea sukari. Ujumbe hakuujibu.

Kilichomnyima raha mke wangu hakikuwa hicho. Ilikuwa Ikutha. Shemeji yangu ana mjukuu, msichana mdogo, aliyeanza kuanguka kama mke wangu, naye alikuwa akinyweshwa mzizi uleule. Jambo kama hilo haliwezi kusemwa kwa simu. Wangesema tumepotoshwa na hospitali. Mke wangu aliamua kwamba aliyegundua aende nasi akaseme kwa kinywa chake. Ndipo nilipompigia mpwa wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya shukrani. Alikubali kabla sijamaliza. Akasema atafurahi. Nilipokata simu nikasema moyoni, labda ni hapa tutakapoanzia.

Siku ya safari tulimngoja stendi. Wakati wa kuondoka ulipofika alipiga simu, akasema amezuiwa na kazi. Sauti yake haikuwa ya mtu aliye kazini. Nilisikia jogoo nyuma yake. Baada ya kidogo nauli yetu ikaingia kwenye simu. Nilitaka kuirudisha palepale. Mke wangu akanishika mkono akasema hiyo nauli haina kosa, twende nayo.

Shemeji alitupokea kwa utani wake. Aliniuliza kama nimekuja kuongeza mke, kwa sababu huyu niliyepewa anaona nimemzeesha. Tulikunywa chai. Yule msichana alikuwa akicheza na ndama karibu nasi, kipaji cha uso kina jeraha jipya. Mke wangu aliweka kikombe chini akaanza kueleza, na mimi nilitayarisha moyo wangu, kwa maana nilijua atafika mahali pa mpwa wetu na nilitaka atajwe kama alivyo.

Alipofika hapo alisema hivi: "Mtoto wetu, yule uliyemwonyesha mti, ameupima mpaka mwisho. Ameona unatuumiza sisi wenye kuanguka. Ndiye aliyetutuma tuje tuwaambie haraka."

Nilifungua kinywa. Mke wangu hakunitazama, lakini mguu wake ulinigusa chini ya meza, nikakifunga.

Shemeji aligeuka akamtazama mjukuu wake pale kwa ndama. Kisha akauliza kama ni yule mwenye ulimi laini. Akaambiwa ndiye. Akasema kama mtu aliyeonja mbele yake ndiye anayesema, basi amesikia. Akamwita binti yake, mama wa mtoto, na mbele yetu wakatoa mizizi iliyokuwa imening'inizwa darini wakaitupa chooni. Wakakubali kumpeleka msichana kliniki wiki hiyo. Tulipoaga, shemeji alikamata kuku, tetea mzuri mwenye madoadoa, akamfunga miguu, akanipa.

"Huyu ni wa daktari," akasema. "Mwambie bibi yake wa Ikutha anamshukuru kwa kumponya mtoto."

Tukapanda gari. Kuku alikuwa kwenye kikapu miguuni mwangu. Nyumba za Ikutha zilipokwisha, mke wangu ndiye aliyesema.

"Ningewaambia alituficha," akasema, "wangemkasirikia yeye na kuendelea kunywa."

 Yeye ndiye aliyenyweshwa, si mimi, na alikuwa amemhesabu mjukuu wa mdogo wake kabla ya jeraha lake mwenyewe.

Kwetu zawadi ya kuku ikitumwa lazima ifike mkononi, na anayetumwa hawezi kuichinja wala kuibadilisha. Jumamosi nilikwenda Tawa. Mpwa wangu alikuwa kwa mama yake, amekaa kwenye varanda na kompyuta yake. Aliponiona na kikapu alisimama akaniamkia kwa heshima yote, nami nikaitikia. Nikamweleza kuku ametoka wapi, na nikarudia maneno ya shemeji kama nilivyopewa, bila kuongeza. Nikamwambia pia mwaitu alivyosema kule, kwamba yeye ndiye aliyetutuma.

Alikuwa amenyoosha mikono kumpokea kuku. Ikashuka.

"Siwezi kumchukua, mjomba. Tafadhali mrudishie."

"Kuku wa shukrani harudishwi na mtu mwingine," nikamwambia. "Kama si wako, mpeleke Ikutha mwenyewe, useme kwa nini si wako. Kama ni wako, mchinje ule."

Nikamweka kuku chini, kwenye kivuli, nikakata kamba ya miguu. Akasimama, akajikung'uta, akaanza kuparua mchanga. Dada yangu alinitolea chai. Nilikunywa, nikaomba, nikaondoka.

Hayo ni ya mwaka jana. Jina la mpwa wangu limerudi katika sala zangu za asubuhi. Kwa miezi nilikuwa nikiliruka kwenda kwa wengine. Dada yangu hupiga simu kila baada ya ibada. Ananiambia mtoto wa Ikutha anaendelea vizuri, hilo amelisikia kwa wengine, na ananiambia habari za kuku. Hajachinjwa na hajarudishwa. Ametaga, ameatamia, ana vifaranga sasa, na mwanawe akija nyumbani huwatazama kutoka varandani. Mke wangu huniuliza kila mara, kuku yuko wapi? Namwambia bado yuko Tawa.